Mafundi wa Sanamu za Kidole Gumba

Wako watu ulimwenguni wanaokula, kuvaa na kulipa kodi ya nyumba kwa kupaka rangi kitu kisichozidi urefu wa kidole gumba. Usidhani ni mzaha, ndugu msomaji. Hukaa mezani, taa imewaelekea, kamera inawatazama kutoka juu, na brashi yenye ncha kama ya sindano i mkononi, wakatia rangi jicho la sanamu lililo dogo kuliko punje ya mtama. Kazi hiyo huipiga video, wakaipeleka katika mtandao wa YouTube, na watu wa Marekani, Ujerumani, Australia na kwingineko wakakaa nusu saa nzima kuitazama, kama sisi tukaavyo barazani kumsikiliza msimulizi hodari.

Mwenye haraka atauliza: Kuna nini hapo? Ni watu wazima wanaochezea vidoli! Walakini jambo hili likitazamwa kwa utuvu lina mafunzo mawili. La kwanza ni namna elimu ya mikono inavyoweza kutolewa hadharani bila ya mwanafunzi kufika mlangoni kwa fundi. La pili ni bei anayoilipa fundi mwenyewe. Aliyekubali kufunzia mbele ya kamera amejipatia mabwana wawili: kazi yake, isiyotaka haraka, na mtambo wa mtandao, usiojua kungoja.

ASILI YA SANAMU HIZI

Asili ni mchezo wa vita vya mezani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyesifika kwa hadithi za safari za mwezini, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Watu walicheka, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwaka 1975, mjini London, vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha kampuni waliyoiita Games Workshop. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilitoa mchezo wa Warhammer, wenye mashujaa na mazimwi, na mwaka 1987 ikatoa Warhammer 40,000, wa vita vya huko angani katika zama zijazo. Leo makao yake makuu yako Nottingham, na sanamu zake zimeenea duniani.

Mchezo huu una ajabu yake. Mchezaji hanunui jeshi lililo tayari. Hununua vipande vya plastiki vya kijivu vilivyoshikana katika fremu, akavikata, akavikwangua, akaviunga kwa gundi, kisha akavipaka rangi mwenyewe. Sanamu ya mtu aghalabu huwa na milimita 28 hadi 32 tu, na jeshi moja laweza kuwa na sanamu 50 au 100. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya mwalimu. Zamani mwalimu alikuwa mwenye duka, au gazeti la kampuni hiyo liitwalo White Dwarf, lililoanza mwaka 1977. Lakini picha ya gazetini hukuonyesha sanamu ikiwa imekwisha. Haikuonyeshi mkono ulivyokwenda.

Na hilo ndilo alitakalo mwanafunzi. Aliyepita chuoni na ubao wake anajua vyema: herufi ya ‘ain huwezi kuijifunza kwa kuitazama tu ikiwa imekwisha kuandikwa. Sharti umwone mwalimu anapoanza kalamu, anapoikunja, na anapoiachilia. Basi ilipozaliwa YouTube mwaka 2005, haja hiyo ilipata dawa. Video ya kwanza kabisa iliwekwa tarehe 23 Aprili mwaka huo na Bw. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu, akisimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego. Ilichukua sekunde 19 tu. Mwaka uliofuata Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65. Haukupita muda mrefu, wapaka sanamu nao wakaingia na brashi zao.

KAZI YENYEWE

Tuieleze kazi, maana bila ya kuijua hatutafahamu kwa nini ina watazamaji.

Kwanza sanamu hutiwa rangi ya msingi, kwa kopo la kupulizia au kwa brashi, ili rangi nyingine zipate pa kushika. Mafundi wengi hupulizia nyeusi pande zote, kisha wakapulizia nyeupe kutoka juu tu, kama jua la mchana. Hapo sanamu hujionyesha yenyewe wapi pana mwanga na wapi pana kivuli. Msomaji wa pwani akitaka kujaribu, na ajue kwamba hewa yenye unyevu mwingi huiharibu rangi ya kupulizia: huganda ikiwa na vumbivumbi, au vanishi ikapata ukungu mweupe. Asipulizie siku ya mvua.

Baada ya msingi huja rangi zenyewe, za akriliki, zinazochanganywa na maji. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibikiwa. Huichovya brashi katika kopo na kuibandika rangi nzito ikafunika mikunjo ya nguo, vidole na ndevu, hata askari akawa kama mtu aliyeanguka katika uji. Bw. Duncan Rhodes, aliyekuwa kwa miaka kadhaa mwalimu katika video za kampuni yenyewe, alijulikana mno kwa wasia mmoja alioukariri kila somo: paka rangi nyepesi, mara mbili. Maneno hayo yalishika hata yakawa kama methali baina ya watu wa fani hiyo, na baadaye yeye mwenyewe akayafanya jina la rangi zake za kuuza.

Kisha huja rangi ya majimaji, yenye weusi au hudhurungi, inayoteremka yenyewe ikajaza mitaro na mikunjo ikafanya kivuli. Kisha mwanga: fundi huchukua rangi iliyong’ara zaidi akaigusisha kwenye kingo tu, ncha ya upanga, ukingo wa bega, daraja ya pua. Iko pia njia ya brashi kavu, ambapo rangi hufutwa katika kitambaa hata ikabaki chembe tu, kisha brashi ikapitishwa juu juu ya manyoya au mawe. Mwisho ni vanishi ya kuilinda kazi na vidole vya wachezaji.

Vyombo vyake si vingi. Kuna kibao chenye unyevu, nacho ni sponji iliyoloweshwa ndani ya chombo bapa na juu yake karatasi ya kuokea. Rangi iliyowekwa hapo hukaa saa nyingi bila ya kukauka. Kuna kishikio, hata kizibo cha chupa chafaa, ili vidole visiiguse sanamu. Na kuna brashi. Zinazosifiwa zaidi hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama jamii ya kicheche anayeishi huko Siberia, na bei yake si ya kila mtu. Wengi huinyoosha ncha kwa midomo, tabia wanayokanywa kila siku, kwa kuwa rangi nyingine zina madini yasiyofaa kuingia tumboni.

Yote haya, msomaji, kijana wa leo hufunzwa bure. Kazi ambayo zamani ilihitaji miaka ya kukaa karibu na fundi, akikutuma maji na kukukemea, leo iko katika simu, na akishindwa hurudisha nyuma dakika mbili akatazama tena. Fundi wa video hachoki kuulizwa.

KAMERA NI MWANAFUNZI MKAIDI

Lakini huyo fundi wa video ni mtu, na jasho lake halionekani. Kupaka sanamu ni kazi moja, na kupaka huku unapigwa picha ni kazi nyingine kabisa.

Kamera ikikisogelea kitu kidogo namna hiyo, huona safi upana wa milimita chache tu. Fundi akiisogeza sanamu mbele kidogo, picha huwa ukungu. Basi hulazimika kuweka alama mezani, mkono ukae papo hapo kama uliofungwa, ilhali desturi ya mpakaji ni kuizungusha sanamu kila upande atafute pembe nzuri. Kichwa chake akikiinamisha huiziba kamera. Akikiinua haoni anachopaka. Taa nazo zina ukaidi wake: taa duni hubadilisha rangi, nyekundu ikaonekana ya udongo, na taa nyingine hupepesa katika video japokuwa jicho halioni. Rangi mbichi hung’aa kama kioo, ikaficha kile anachotaka kukionyesha.

Na sauti je? Kupaka jicho hutaka kuzuia pumzi, na kufunza hutaka kusema. Wengi hushindwa kuyafanya yote mawili pamoja, wakapaka kimya kisha wakayasoma maelezo baadaye. Sanamu moja ya maonyesho yaweza kula saa 20 au zaidi. Katika saa hizo zote, mtazamaji ataletewa dakika 20. Zilizobaki fundi huzikata mwenyewe, usiku, akichagua pigo gani la brashi lina faida na lipi ni la kurudia tu. Aghalabu kukata na kuunga picha huchukua muda sawa na kupaka.

MTAMBO USIOJUA KUNGOJA

Sasa tufike kwenye riziki. YouTube haimlipi mtu kwa sababu amefunza vizuri. Hulipa sehemu ya pesa za matangazo ya biashara yanayoonyeshwa katika video yake, na hailipi mpaka atimize masharti. Tangu mwaka 2018 mwenye chaneli anayetaka fungu la matangazo hana budi kuwa na watu 1,000 waliojiandikisha, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12. Upo mlango mwingine kwa wenye video fupi fupi, wa kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90, lakini ufundi wa saa 20 hauingii katika video fupi.

Tuipige hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila mtazamaji atakaa dakika sita kisha aondoke, zitahitajika tazamo 40,000. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa tu. Baada ya hapo, katika video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya pesa za matangazo, na kampuni huchukua iliyobaki. Fundi mgeni aweza kufanya kazi mwaka mzima, jioni baada ya jioni, bila ya kuona hata senti.

Na hata akiingia ndani, hajapumzika. Mtambo huhesabu ni wangapi walioona picha ya mlangoni wakabonyeza, na walikaa kwa muda gani. Video isiyobonyezwa husukumwa nyuma, watu wasiione. Kwa hivyo fundi huanza kujifunza ufundi mwingine asioutaka: kuandika kichwa cha kushtua, kupiga picha ya uso wake amepanua mdomo, kuahidi kwamba siri hii itabadilisha maisha yako. Aliyekuwa akifunza namna ya kupaka ngozi ya mzee kwa rangi saba, sasa hufunza namna ya kumaliza jeshi zima kwa siku moja, kwa kuwa hilo ndilo linalobonyezwa.

Sisemi kwamba haraka yote ni mbaya. Mwaka 2019 Games Workshop ilitoa rangi za aina ya Contrast, ambazo kwa mpako mmoja juu ya msingi mweupe hufanya rangi na kivuli pamoja. Wakongwe walinung’unika kwamba ufundi umekufa. Wengine wakajibu kwamba mtu mwenye watoto watatu na kazi ya mchana ana haki ya kumaliza jeshi lake kabla ya kuzeeka. Wote walikuwa na haki yao, na chaneli zilijaa mjadala huo. Ubaya ni pale mwalimu anapoacha kufunza alijualo akafunza linalobonyezwa. Siku hiyo chaneli hubaki, mwalimu akaondoka.

AMANA

Kwa kuwa pesa za matangazo hazitoshi, wengi hutafuta riziki pembeni. Wako wanaoungwa mkono na wanafunzi wao kila mwezi kupitia Patreon, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 na mwanamuziki Jack Conte na mwenziwe Sam Yam. Wako wanaouza masomo marefu kwa ada. Bw. Rhodes, alipoondoka katika kampuni mwaka 2019, alifungua chuo chake cha mtandaoni, na waliomzoea wakamfuata. Hili lina mazingatio: jengo lilikuwa la kampuni, lakini imani ya wanafunzi ilikuwa kwa mtu.

Na wako wanaodhaminiwa. Mwenye kiwanda cha brashi au rangi humpelekea fundi mzigo wa bure, kisha akangoja neno zuri. Hapa pana mtihani mkubwa kuliko wa kupaka jicho. Kijana wa mbali, mwenye akiba ndogo, atanunua brashi kwa kuwa mwalimu wake ameisifu. Ikiwa amesifu kwa sababu amepewa, ameiuza amana. Mafundi waaminifu hutangaza mwanzoni mwa video kwamba kitu hiki nimepewa, au nimelipwa kukionyesha, kisha husema wema wake na aila yake pia. Hao hupoteza wadhamini wengine, lakini neno lao hubaki na uzito.

Juu ya hayo, fundi amejenga katika kiwanja cha wenyewe. Sanamu ni za kampuni, na mtandao ni wa kampuni nyingine. Mwaka 2021 Games Workshop iliandika wazi kwamba mashabiki wasitengeneze filamu wala katuni kwa kutumia wahusika na ulimwengu wake. Masomo ya kupaka rangi hayakutajwa katika katazo hilo, lakini kila mwenye chaneli alifahamu kwamba mwenye mali aweza kusema. Kadhalika, Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa shauri la kukusanya habari za watoto. Tangu Januari 2020 kila mwenye video hupaswa kueleza kama ni ya watoto au la. Ikiwa ni ya watoto, mahali pa maoni hufungwa na matangazo yenye kulipa vizuri huondolewa. Sheria ile ni ya haki, maana watoto lazima walindwe. Lakini fikiria mtu anayewafunza watu wazima kwa kitu kinachofanana na kidoli. Akipimwa kwa jicho la haraka, riziki yake yaweza kupungua kwa siku moja.

SUALA LA SANAMU

Najua wako wasomaji ambao tangu mwanzo wana swali moyoni: Sanamu za watu, je? Wanazuoni wana maneno marefu juu ya masanamu na picha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vidoli akivichezea pamoja na wenziwe, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mpaka wa ruhusa hiyo. Ukurasa huu si mahali pa kutoa fatwa, na mwenye shaka na amuulize shehe wake. Ila itafaa kujua kwamba ufundi huu haukomei kwenye watu na mazimwi. Katika chaneli hizo hizo mna masomo ya kutengeneza na kupaka nyumba, magofu, miti, madaraja na vyombo vya baharini. Mkono ni ule ule na rangi ni zile zile. Anayejiepusha na sanamu za viumbe bado ana shamba kubwa la kulima.

Na rangi ndogo ndogo si jambo geni katika Uislamu. Mjini Herat, mwishoni mwa karne ya 15, Kamaluddin Behzad alipamba vitabu kwa picha ndogo zinazowashangaza watu mpaka leo. Kwa Kiingereza picha za namna hiyo na sanamu hizi huitwa kwa jina moja, miniature. Nalo jina hilo mwanzoni halikumaanisha udogo: limetokana na neno la Kilatini la rangi nyekundu ya risasi, iliyotumiwa kupambia vitabu. Udogo umeingia baadaye, kwa mazoea ya masikio.

TUNALOWEZA KULIBEBA

Mimi nilichokipenda kwa watu hawa ni ukarimu wao wa elimu. Huku kwetu mafundi wangapi wamekufa na ujuzi wao? Mshonaji wa kofia wa Lamu ajua matundu yahesabiwe vipi ili ua likutane na ua. Mchonga milango ajua aanzie wapi asiupasue ubao. Mtengenezaji wa vijahazi vya mapambo ajua tanga likatwe vipi lionekane limejaa upepo. Akiulizwa, hujibu kwamba hayo hayasemeki, yaonekana kwa macho. Ni kweli, hayasemeki. Basi na yaonekane.

Hakuna haja ya kungoja watazamaji 40,000. Simu iliyoegemezwa kwenye mrundo wa vitabu, dirisha lenye mwanga wa asubuhi, na kijana mmoja wa kumuuliza babu yake, “Hapo umefanyaje?” hutosha kwa kuanza. Pesa zikija, alhamdulillahi. Zisipokuja, itakuwa imebaki picha ya mkono ulivyokwenda, na mjukuu ambaye hajazaliwa ataweza kuirudisha nyuma dakika mbili akatazama tena.